TAHADHARI: Muuza vilengeo na mitutu ya bunduki za zamani, Dodoma mpaka Manyoni

Habari za leo, wakuu. Naandika kwa wenzangu wenye leseni za bunduki za zamani za kijeshi, hasa hizi za .303 (kipenyo cha risasi kwa inchi) tulizoachiwa na wazee wetu, mlioko Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na kule Manyoni. Kuna mtu anauza vilengeo vya shabaha na mitutu kwa WhatsApp. Msimtumie hela. Na kama kuna ambaye ameshapokea mtutu kutoka kwake, tafadhali asome mpaka chini kabla hajaugusa tena, maana hapo kinachopotea si fedha peke yake.

Bunduki yangu ni Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marehemu baba aliitumia miaka yote kulinda shamba dhidi ya ngiri na nyani. Alipofariki tuliikabidhi polisi, nikaomba leseni kwa jina langu, nikazungushwa miezi mingi, hatimaye nikaipata. Siku hizi siitumii shambani. Napiga nayo shabaha tu, pamoja na wenzangu wachache, kwenye uwanja wenye kibali.

Wanaoifahamu No. 4 wanajua kilengeo chake cha nyuma. Zipo zenye kile kizuri cha kupandisha kwa skrubu, kilichopigwa namba kuanzia yadi 200 hadi 1,300. Yangu ina kile cha haraka cha wakati wa vita, kibati cha kupindua chenye matundu mawili ya kuchungulia, moja la yadi 300 na jingine la 600. Ukisimama mita 100 ukalenga katikati, risasi inapiga juu. Kushoto na kulia hakuna cha kuzungusha, mpaka fundi asukume ncha ya mbele, kile kichuma cha kulengea kilicho karibu na mdomo wa mtutu. Tundu lenyewe ni pana, na macho yangu yana miaka 54. Kwa hiyo nilitaka kilengeo cha mashindano, chenye tundu dogo na vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha pembeni. Kule Uingereza waliokuwa wakishindana na No. 4 walifunga sana Parker-Hale 5C, iliyotengenezwa Birmingham. Ipo pia 5A, lakini ile ni ya SMLE, bunduki fupi ya Vita ya Kwanza ambayo mbao zake zinafika mpaka mdomoni mwa mtutu. Bunduki hizi mbili si moja, na vilengeo vyake haviazimani. Shikeni hilo, kwa sababu ndipo alipochezea.

Huyu bwana alinifuata mwenyewe, baada ya mimi kuuliza kwenye kundi la wenye bunduki kama kuna anayejua pa kupata 5C. Alijua kuzungumza. Aliniita "mzee wangu", akauliza bunduki imetengenezwa kiwanda gani, akanieleza habari za lenzi na tundu kama mtu aliyekaa miaka kwenye uwanja wa shabaha. Akanitumia picha za kilengeo, pembeni kikionekana kidole gumba chenye kovu. Bei ilikuwa shilingi 650,000, nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Nikamwomba akipige picha kikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Alikaa siku mbili, ikaja picha yenye ukungu, karatasi imekatika nusu. Hapo ndipo ilinipasa kuacha. Sikuacha, kwa sababu aliniambia kuna mteja wa Arusha anayekihitaji jioni ile ile, nami nilikuwa nimekitafuta kwa mwaka mzima. Nikamtumia 325,000. Baadaye mwanangu alitafuta zile picha za mwanzo kwenye intaneti, akazikuta kwenye tangazo la mnada wa Uingereza la miaka ya nyuma, na kile kidole gumba chenye kovu kikiwa pale pale pembeni.

Kifurushi kilikuja kwa basi, nikakipokea stendi ya Nanenane. Mwenye basi hakuwa na kosa, karatasi zake zilikuwa sawa. Kabla hakijatoka Dar es Salaam mtu yule alidai nusu ya pili, eti wenye mzigo hawamwachii. Nikalipa. Nyumbani nikakifungua: chuma cheusi, rangi mpya, maandishi ya Birmingham yanasomeka. Nikaenda nacho kwa mzee mmoja hapa mjini, fundi wa silaha aliyestaafu, ambaye ndiye amekuwa akiikagua bunduki hii tangu enzi za baba. Alikigeuza mara moja tu, akakwaruza rangi kwa ukucha.

"Mwanangu, hiki ni cha SMLE. Mtu ameukata mguu, akachomelea kipande kingine ili kifanane na cha No. 4. Na haya maandishi hayakugongwa. Yamechorwa."

Nilimwomba tukijaribu hivyo hivyo, nijue hakika badala ya kuondoka na neno la mtu mmoja. Alikubali, kwa sharti kwamba bunduki haitobolewi tundu lolote. Nawapa jaribio lenyewe, kwa sababu linafaa kwa kilengeo chochote cha vifundo, hata cha halali. Piga risasi tano ukilenga katikati. Pandisha milio ishirini (kifundo hulia kila kikizungushwa hatua moja), piga tano nyingine ukilenga pale pale. Shusha milio ishirini ile ile, piga tano za mwisho. Kwenye vilengeo vingi vya mashindano kila mlio ni robo au nusu ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii), na dakika moja kwa mita 100 ni kama milimita 29. Hiki kilidaiwa kuwa cha nusu dakika, kwa hiyo milio ishirini ilipaswa kunipandisha sentimita 29. Kilinipandisha 17. Na niliporudisha, risasi hazikurudi nyumbani, zilikaa chini ya zile za kwanza kwa shubiri nzima. Ukikishika kwa vidole viwili unasikia mkono wake unacheza. Kilengeo cha namna hiyo ni kibaya kuliko kibati cha vita, kwa sababu kibati angalau kinakosea pale pale kila siku, unaweza kukizoea.

Niseme na hili, japo si habari ya tapeli. Mzee alinionyesha kwamba tatizo langu la kupiga juu lingepungua sana kwa ncha ya mbele ndefu zaidi. Ncha za No. 4 zilitengenezwa kwa urefu tofauti makusudi, ili fundi wa jeshi aisawazishe kila bunduki. Ncha ikipanda, risasi inashuka. Ninyi mnaotafuta vilengeo vya laki sita, anzeni hapo kwanza, na mkague kama mbao haziubani mtutu na kama skrubu za mwili zimekaza. Mimi nilianzia mwisho.

Sasa mtutu.

Nilipolalamika, hakukataa wala hakukasirika. Alisema atanifidia: nimwongezee 900,000, aniletee mtutu mzito wa shabaha wa risasi ya milimita 7.62, "ule wa L42", nitaufunga mwenyewe nyumbani kwa kuuzungusha kwa mkono, na karatasi hazihitajiki kwa sababu ni kipuri tu. Ndugu zangu, karibu kila neno katika sentensi hiyo ni hatari.

Ni kweli Waingereza walizigeuza baadhi ya No. 4 kuwa 7.62 kwa mtutu mzito. L42A1 ilikuwa ya wadunguaji wa jeshi lao, L39A1 ya mashindano. Huo ukweli ndio chambo chake. Asichokisema ni kwamba kazi ile ilifanywa na mafundi wenye vipimo, kwenye bunduki zilizochaguliwa. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako cha ganda, ya 7.62 haina, kwa hiyo magazini na kivuta ganda navyo hubadilishwa. Shinikizo la 7.62 ni kubwa kuliko la .303, na si kila mwili wa bunduki wa zamani unalistahimili. Mtutu wenyewe hukazwa kwa nguvu mpaka ukae kwenye nafasi yake hasa, kisha hupimwa nafasi iliyobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Kwenye No. 4 nafasi hiyo hurekebishwa kwa kubadili kichwa cha bolti, ndiyo maana vichwa hivyo vilipigwa namba 0 mpaka 3. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka, na gesi yake inarudi kwenye uso wa aliyeshika bunduki. Mtu anayekwambia uzungushe kwa mkono nyumbani anakuwekea jicho lako rehani.

Kisha kuna alama. Mtutu uliopita kwenye nyumba za majaribio za Uingereza, ya London au ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, hupigwa mhuri baada ya kufyatuliwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Mhuri huo umegongwa ndani ya chuma, kingo zake zimezama sawasawa. Picha aliyonitumia ilikuwa na mikwaruzo ya kalamu ya umeme, na taji lililochorwa lilikuwa limeegemea upande. Nilipomwomba picha ya ndani ya mtutu, kuona mifereji na mdomo, alinyamaza siku nzima, kisha akaniuliza kama simwamini.

Nikaenda polisi kuuliza kabla ya kufanya lolote. Ofisa anayeshughulikia silaha alinieleza bila kuzunguka kwamba mtutu unahesabika pamoja na silaha, si kipuri cha kununua kama mnyororo wa baiskeli, na kwamba leseni yangu imeandikwa aina, namba na kipenyo cha bunduki niliyonayo. Nikiigeuza 7.62 bila kibali, nimeshika silaha isiyo ile ya kwenye leseni. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mambo haya hayana mzaha.

Mwenzetu mmoja wa upande wa Manyoni hakuuliza kwanza. Alilipa, akapokea chuma kisicho na namba wala mhuri, kimefungwa ndani ya godoro la mtoto. Alipofungua akatetemeka, ndipo akanipigia. Nilimwambia asikifunge kwenye bunduki, asikitupe wala asimuuzie mtu, akipeleke kituoni mchana kweupe pamoja na ujumbe wote wa simu na risiti za malipo. Amefanya hivyo. Ameitwa mara tatu kutoa maelezo, na bunduki yake imeshikiliwa mpaka ukaguzi uishe. Ni mtu mwaminifu, mwenye watoto wanne, na usingizi umempotea kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kumwona uso.

Namba za simu za tapeli huyu siziandiki hapa. Anabadilisha laini kila mara, na jina linalotokea kwenye malipo huenda ni la mtu ambaye kitambulisho chake kimetumiwa bila yeye kujua. Zote nimezikabidhi polisi, na nimezituma 15040, ile namba ya TCRA ya kuripoti matapeli. Mtamtambua kwa mwenendo wake: anakuja inbox baada ya wewe kuuliza kundini, anadai nusu ya pili kabla mzigo haujaondoka, ana mteja wa Arusha asiyeisha kusubiri, na ukilalamikia kilengeo anakutajia mtutu.

Kilengeo changu kile nimekihifadhi kwenye kisanduku chake, sijakirekebisha wala kukirudisha, kwa sababu ni ushahidi. Jumatatu asubuhi narudi kituo kikuu cha polisi hapa Dodoma kuongeza maelezo. Aliyetapeliwa na mtu huyu aje na risiti ya muamala, karatasi ya basi na picha alizotumiwa, hata kama hela ilikuwa kidogo. Wa mbali ambaye nauli ni shida aripoti kituo cha kwao, kisha anitumie namba ya jalada nimpe mpelelezi.