Uzoefu wangu: gia na tairi za baskeli ya gia moja huku Jambiani, Unguja

Jamani nawaandikia nyie mnaonunua hizi baskeli za gia moja za mtumba, zile nyembamba zinazoshushwa kwenye makontena, maana nyingi zinakuja na gia ya huko zilikotoka na watu wanazipanda hivyo hivyo mpaka magoti yanauma. Yangu ilikuja sproketi ya mbele meno 48, nyuma 16, tairi za milimita 23. 48 gawa kwa 16 ni 3, yaani pedali ikizunguka mara moja ringi la nyuma limeshazunguka mara tatu na chombo kimekwenda kama mita 6.3. Siku hakuna upepo ni raha wallahi, sikatai. Lakini huku kwetu hakuna mlima, mlima wetu ni kusi, likianza kuvuma ukaenda upande wa Makunduchi linakupiga la uso njia nzima. Kwa gia ile miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika unakwenda kilomita 30 kwa saa, sasa nani anakwenda 30 na kusi liko usoni? Unaishia kusimama juu ya pedali na kusukuma kwa uzito wa mwili.

Basi fundi mmoja mjini akanibadilishia mbele ikawa 44, na kwa vile habu yangu, kile kitovu cha ringi la nyuma, inafungika gia pande zote mbili, upande mmoja tukatia gia iliyofungwa ya meno 17, ile miguu haipumziki, na upande wa pili friwili ya meno 20, ile inayokuacha upumzishe miguu. Hapa ndipo nilipoipenda baskeli hii kwa moyo wote. Kwa tairi zangu za sasa za milimita 32, upande wa 17 pedali moja inanipa mita 5.6, upande wa 20 mita 4.7. Kusi likikaza nafungua nati mbili, nageuza ringi, navuta cheni ikae sawa, nakaza, naondoka. Meno matatu yanasogeza ekseli kama sentimita moja tu kwa hiyo cheni ni ile ile, hukati wala huungi, ila angalia kwanza kama fremu yako ina nafasi hiyo kule nyuma. Na breki mbili muhimu, friwili haikusaidii kusimama.

Mtaniuliza kwa nini nimeacha 48 na 16 nikachukua 44 na 17. Wale mnaopenda kufunga miguu tairi liburuze, 48 kwa 16 inagawanyika kamili, kwa hiyo mguu ule ule ukiwa mbele kila ukifunga tairi linasuguana na lami pahala pale pale. Langu la nyuma lililika kiraka kimoja mpaka nyuzi zikaonekana na kwengine kote bado jipya. 44 na 17 hazigawanyiki, pahala pa kuburuza panakuwa 17, tairi linalika sawasawa.

Tairi sasa. Zile 23 zinataka upepo pauni 100 na zaidi, ukitoka lami ukaingia njia za ndani zenye vijiwe vya matumbawe kila kijiwe unakisikia kwenye mikono, na kwenye mchanga zinazama tu. Nimetia 32, upepo kama pauni 60 nyuma na mbele nashusha kidogo, pancha zimepungua sana na mwendo sijaona umepungua. Michoro mikubwa sikuitaka, kwenye lami inapiga kelele na kula nguvu bure. Ila mkienda dukani someni ile namba ndogo ubavuni mwa tairi, ya kipenyo cha ringi kwa milimita. Duka moja walitaka kunipa tairi la inchi 28 wananiambia 28 ni 28 yakhe, naangalia imeandikwa 635, hilo ni la ringi za zile baskeli kubwa za zamani kama Phoenix, ringi hizi zetu ni 622, lile litapwaya tu. Nikalirudisha kabla sijatoa pesa.

Wanaopita pwani maji yakitoka, wakirudi waioshe cheni kwa maji ya mfereji, waikaushe na kutia mafuta siku ile ile, chumvi haisubiri kesho.

Na mkivuka nayo Pemba, friwili 20 naiona bado nzito kwa vilima vya Chake mpaka Wete, tieni 22, mbele ibaki 44, inakuwa mbili kamili na kwa friwili hilo halina neno, maana huko huwezi kufunga miguu tairi likaburuza. Mkipata cheni ndefu kidogo chukueni, hii ya kwangu haifiki.