Ofisi ya mbunge kijana kando ya ziwa: tathmini ya mteja aliyefika mara nne

Wengi humpima mbunge mgeni kwa vipande vya video kutoka Dodoma. Mimi nimempima wa kwetu kwenye benchi la ofisi yake ya jimbo, nilikofika mara nne nikiwa katibu wa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa katika mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Jina lake na la jimbo ninayaacha, maana ninachotathmini ni huduma.

Ofisi imo katika majengo ya mkuu wa wilaya. Ni chumba kimoja safi, chenye katibu mmoja na daftari la wageni.

Safari ya kwanza tulikwenda kuomba fedha za vichanja, zile meza za kuanikia dagaa. Anayeanika dagaa mchangani anajua hasara yake: samaki huingia mchanga, bei hushuka, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo wote huishia kuwa chakula cha kuku. Nilitarajia tupewe ahadi na soda. Badala yake katibu alituketisha, akasoma barua yetu hadi mwisho, kisha akatueleza jambo ambalo hakuna mgombea aliyewahi kutueleza jukwaani, kwamba Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, hauko mfukoni mwa mbunge. Yeye ni mwenyekiti wa kamati yake tu, na fedha zenyewe hulenga miradi ambayo wananchi wamekwisha kuianza kwa nguvu zao. Vichanja vya kikundi, alisema, tuviombee mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wana asilimia 4. Lakini banda la kuhifadhia dagaa, ambalo msingi wake wanakijiji walikwisha kuujenga, lingeweza kupelekwa kwenye kamati. Kwa maelezo hayo peke yake ningetoa alama zote. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye bado humwita mbunge "mwanangu" wakati sisi wengine tumeshahamia kwenye "Mheshimiwa", alitoka akisema kwamba angalau safari hii amenyimwa kwa heshima.

Safari ya pili na ya tatu hazikuwa hivyo. Bunge la bajeti, ambalo huanza Aprili na kumalizika Juni, lilipoanza, katibu alimfuata mbunge Dodoma, mlango ukafungwa, na simu iliyobandikwa mlangoni ikawa inaita bila kupokelewa. Barua yetu kuhusu banda ilikaa wiki saba bila hata kugongwa muhuri wa kupokelewa. Mtu aliyeingia bungeni kwa kauli ya kwamba vijana wanaijua teknolojia alipaswa walau kuacha mtu wa kupokea simu.

Katikati ya ukimya huo tukamsikia akiuliza swali kuhusu barabara ya mwaloni kwetu. Naibu Waziri alijibu kwamba barabara itajengwa kadiri ya upatikanaji wa fedha, jibu ambalo kila msikilizaji wa Bunge analijua kwa moyo. Mbunge wetu akasimama, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, na katika nafasi zake mbili za maswali ya nyongeza, moja akaitumia kwa jambo la kata nyingine kabisa. Hapo ugeni wake ulionekana. Mzoefu angebana palepale: fedha zimetengwa katika mwaka upi wa bajeti, na kiasi gani?

Simlaumu sana, kwa kuwa mwanzo wa kazi hii hutofautiana. John Magufuli, aliyekuwa mkemia wa Nyanza Cooperative Union hapa Mwanza, aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki na mwaka huohuo akateuliwa Naibu Waziri wa Ujenzi. Wengi hawapati ngazi ya namna hiyo. Hubaki viti vya nyuma, na nyumbani hawana cha kuonyesha ila ofisi kama hii. Tena Mwanza haina subira. Mwaka 2010 Nyamagana, jimbo la hapa jijini, ilimwangusha Lawrence Masha, waziri aliyekuwa madarakani, ikampa kiti Ezekiel Wenje. Mwaka 2015 ikamwondoa Wenje naye na kumchagua Stanslaus Mabula, aliyetoka kuwa meya wa jiji.

Safari ya nne, baada ya bajeti, mambo yalikuwa yamerekebishwa kiasi. Kulikuwa na msaidizi wa pili, barua yetu ilipatikana, na mbunge mwenyewe, ambaye kwa nafasi yake ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, alimpigia afisa mipango simu mbele yetu. Banda limeingizwa katika orodha itakayojadiliwa na kamati. Mkopo bado.

Ninatoa nyota tatu kati ya tano. Anayekusudia kwenda abebe nakala mbili za kila barua, moja igongwe muhuri mbele yake, na aepuke Ijumaa ambazo mbunge yupo jimboni, kwa sababu siku hiyo benchi lote hujaa kadi za michango ya harusi.