Karibu miaka 20 na Firefox: uzoefu wa fundi wa tovuti

Firefox, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti), niliijua kwa aibu. Ilikuwa 2006, Arusha, nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: tovuti ya kampuni ndogo ya kupeleka watalii Serengeti na Ngorongoro. Nilikuwa nafanyia kazi intaneti kafe moja si mbali na Mnara wa Saa, kwenye Windows XP, na kivinjari nilichokifahamu kilikuwa kimoja tu, kile kilichokuja na kompyuta, Internet Explorer 6. Kwangu ile "e" ya bluu ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe.

Tovuti ikapendeza. Mzee mwenye kampuni akanisifu mbele ya madereva wake. Baada ya wiki akaniita tena, mara hii peke yangu. "Kijana, Wajerumani wanasema ukurasa wako umevunjika." Wakala wake wa utalii kule Ujerumani alikuwa amemtumia picha ya skrini: safu ya kulia, yenye bei na ratiba, imeporomoka mpaka chini ya picha ya tembo. Kwangu ilikuwa imetulia mahali pake. Nikajitetea kwamba kompyuta ya Mjerumani itakuwa na virusi.

Haikuwa na virusi, ilikuwa na Firefox. Nikaipakua, megabaiti 5 hivi, na kwa laini ya kafe ya siku zile niliisubiri karibu nusu saa huku dakika zinahesabiwa. Nikafungua tovuti yangu. Bei zote zipo chini ya tembo.

Kosa lilikuwa langu, na nitalieleza kwa kirefu kidogo, maana ndilo lililonifanya niwe mtumiaji wa Firefox mpaka leo. Ukurasa wangu ulikuwa na upana wa pikseli 760. Safu ya kushoto nimeipa 200, ya kulia 560, jumla 760 kamili. Kisha kila safu nikaiwekea nafasi ya ndani ya pikseli 10 kila upande ili maandishi yasigande ukingoni. Sasa, kwa viwango vya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) vinavyotolewa na W3C, taasisi aliyoianzisha Tim Berners-Lee mwaka 1994, upana unaouandika ni wa yaliyomo peke yake. Nafasi ya ndani inajumlishwa juu yake. Maana yake safu zangu zilikuwa 220 na 580, yaani 800 ndani ya boksi la 760. Haziingii, basi ya pili inashuka. Internet Explorer 6 ilikuwa na tabia yake: ikikuta ukurasa usio na ule mstari wa juu kabisa wa DOCTYPE, unaokiambia kivinjari kifuate viwango, inarudi kwenye hesabu za matoleo ya nyuma, ambazo ziliihesabu nafasi ya ndani kuwa sehemu ya upana. Mimi mstari wa DOCTYPE sikuwa hata nimeusikia.

Kwa hiyo kodi yangu (ya kompyuta, siyo ya TRA) ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa na kivinjari cha kunisitiri. Ni kama mgeni anayekula wali wako mbichi na kukwambia umeiva vizuri.

Kichekesho ni kwamba miaka ya baadaye CSS yenyewe ilipata "box-sizing: border-box", inayokuruhusu kuchagua hesabu ileile ya zamani, na leo mafundi wengi wanaanza faili lao kwa mstari huo. Kumbe hesabu haikuwa ya kijinga. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa ya kivinjari kimoja, na wengine hatukujua kuwa tunaitumia.

Ukiangalia nyuma unaelewa kwa nini watu wa kazi hii walihama mapema kuliko watumiaji wa kawaida. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, toleo la 7 likaja 2006. Miaka mitano katika mambo ya wavuti ni umri wa mtu mzima. Muda wote huo picha za PNG zenye uwazi zilionekana na mandhari ya kijivu, na "hover", yaani kitu kubadilika ukipitisha kipanya juu yake, ilifanya kazi kwenye viungo tu. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004, tunda la mradi wa Mozilla ulioanza 1998 baada ya Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, kuamua kuachia kodi yake wazi. Tukawa tunajenga kwanza kwa Firefox, kisha tunaanza kuweka viraka kwa ajili ya huyo mwingine. Nusu ya pili ya kazi ilikuwa haina bei kwenye ankara.

Kilichonifunga kabisa kilikuwa Firebug, programu-jalizi ya Joe Hewitt iliyotoka 2006. Kabla yake, ukitaka kujua boksi lipi limetanuka, unayapaka maboksi yote mipaka myekundu, unahifadhi, unafungua upya, unakodoa macho. Firebug ilikuwezesha kubofya kitu chochote kwenye ukurasa ukaona upana wake, nafasi yake ya ndani, kanuni gani ya CSS imeshinda na ipi imekatwa, na ukabadilisha palepale. Yenyewe ilistaafu 2017, lakini zana tunazozikuta leo kwenye kila kivinjari ukibonyeza F12 zimepita njia ileile.

Nisije nikaonekana mpiga debe. Firefox haijawahi kuwa malaika wa viwango. Jaribio la Acid2, ule uso wa njano unaotabasamu uliotolewa 2005 kuvipima vivinjari, Safari, kivinjari cha Apple, ililifaulu mwaka uleule na Opera 2006. Firefox ikaja kulifaulu kwenye toleo la 3, mwaka 2008. Hata miaka ya karibuni, kiteuzi cha ":has()", kinachochagua kitu kwa kuangalia kilichomo ndani yake, Safari na Chrome walikuwa nacho 2022, Firefox ikakileta Desemba 2023. Nilingoja kwa uchungu. Upande wa pili, "subgrid", inayoiruhusu gridi ya ndani kufuata mistari ya gridi ya nje, Firefox ilikuwa nayo tangu Desemba 2019, Chrome wakafika 2023.

Siku hizi ninachokitumia kila saa ni kitu kidogo kilichoingia toleo la 70. Ukiandika kanuni ya CSS ambayo ni halali ila haifanyi kazi hapo ulipoiweka, mfano "align-items" kwenye boksi ambalo si flex wala grid (njia mbili za CSS za kupanga vitu), Firefox inaifubaza na kuweka alama pembeni. Pitisha kipanya juu yake, inakwambia kwa nini imelala na ufanyeje iamke. Chrome nayo iliweka kitu cha namna hiyo baadaye. Sijui ni saa ngapi za maisha yangu zimeokolewa na kale kaalama. Nyingine ni kuchora mistari ya grid juu ya ukurasa ikiwa na namba zake.

Kwa wateja wa hapa kwetu kuna vitufe viwili siachi kuvibonyeza kabla ya kukabidhi kazi. Kimoja kinapunguza kasi ya mtandao mpaka 2G, kingine kinazima JavaScript, lugha inayoendesha madoido ya ukurasa. Mtu wa Singida mwenye bando la kuungaunga na Opera Mini, ambayo ukurasa unaandaliwa kwenye seva na kumfikia ukiwa umekamuliwa, hataona madoido yako. Kama bei na namba ya simu zimebaki baada ya kuzima hayo yote, duka linauza. HTML, lugha ya kuandikia kurasa zenyewe, ikiandikwa kwa kufuata viwango inastahimili hayo. Iliyopambwa kwa ajili ya kivinjari kimoja inabaki karatasi nyeupe.

Lawama yangu kubwa haiko kwa Firefox, iko kwetu mafundi. Opera waliacha injini yao (sehemu ya kivinjari inayochora ukurasa) ya Presto 2013, Edge ya Microsoft ikahamia Chromium, msingi wa Chrome, na kutoka upya Januari 2020. Injini kubwa zimebaki tatu: Blink ya Chrome na ndugu zake, WebKit ya Safari na Gecko ya Firefox. Juzijuzi nilikuwa najaza fomu ya ofisi moja mtandaoni, ikagoma kufunguka: "Kivinjari chako hakitumiki, tafadhali tumia Chrome." Nikafungua Chrome nione ni maajabu gani hayo. Fomu ya nafasi nane: jina, simu, anwani, vitu vya namna hiyo. Tumerudi kulekule kwenye "e" ya bluu, safari hii kwa rangi nne za Chrome.

Kwa hiyo bado nina vivinjari vitatu mezani. Naandika kwa Firefox, napima kwa Chrome, kisha naazima iPhone ya mpwa wangu kwa ajili ya Safari (Firefox ya iPhone hainisaidii hapo, kwa masharti ya Apple huku kwetu inatumia WebKit ndani). RAM inakula, kama wenzake wote. Vifaa vinavyoongea na kivinjari kupitia USB itabidi utumie Chrome, Mozilla walikataa kwa hoja za usalama na sijagombana nao.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano niliishikilia ile miezi ya kungoja ":has()" na sijairudisha.

Dogo ninayemfundisha alipoisakinisha wiki iliyopita aliuliza aanzie wapi. Fungua ukurasa wako mwenyewe, nikamwambia, ule unaojivunia kuliko yote. Bonyeza F12, nenda kwenye Inspector (sehemu ya kukagua CSS), hesabu mistari iliyofubaa. Alihesabu 31, akafunga laptopu, akaenda kununua chai.