Ununue gari lini Unguja na Pemba: nyakati kwa daraja, bora hadi mbaya

Noah yangu ya kwanza niliinunua kumi la mwisho la Ramadhani. Watoto walishaahidiwa kwamba skukuu wataendea gari yao, na dalali kayasikia hayo. Bei ya asubuhi ikafika Laasiri imepanda laki tano: "Kuna mtu wa Fuoni anaitaka." Nikatoa. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ndiyo iliyonionesha nilichokinunua. Maji yalidondoka kwenye taa ya ndani, tone kwa tone, begani kwa mama mkwe.

Siku hizi mtu akiniuliza anunue gari gani, namuuliza kwanza anataka kuinunua lini.

1. Masika, Aprili na Mei

Wageni wamepungua, baadhi ya hoteli za Nungwi na Paje zimefunga, na mwenye Alphard tatu za kubebea watalii anaziosha tu na kuziegesha. Rejesho la benki nalo halijui mvua. Hapo bei inazungumzika, na ukija na pesa taslimu utasikilizwa.

Lakini mimi naipenda masika zaidi kwa sababu ya mvua yenyewe. Ni fundi asiyedai malipo. Nenda kuiona gari ikishanyesha, na umwambie mwenyewe asiioshe. Nyanyua zulia la upande wa abiria, ubonyeze kwa kiganja. Kisha vuta mkanda wa kiti polepole mpaka mwisho wake. Kipande cha kule ndani hakuna anayekumbuka kukifua, kwa hiyo ukikuta mstari wa tope, gari hiyo imeshaogelea. Tazama na boliti za viti: zikiwa na kutu ilhali bodi inang'ara, aga uondoke. Miaka ile Kibonde Mzungu ikijaa maji, gari zilizovutwa pale hazikutupwa, ziliuzwa. Gari iliyolala pwani nayo, inama uchungulie chesesi na kingo za chini za milango, maana chumvi huanzia huko.

2. Kuagiza Japani mwezi wa Machi

Kule kodi ya gari ya mwaka humwangukia aliyeandikwa kuwa mmiliki tarehe 1 Aprili, na makampuni mengi hufunga hesabu 31 Machi. Wauzaji wa gari mpya wanakimbizana na hesabu zao, wenye gari kuukuu wanaikimbia kodi, minada inajaa. Kwa wingi huo unaweza kuchagua.

Kwa nini basi si ya kwanza? Dola. Nusu ya mwanzo wa mwaka shilingi yetu kwa kawaida huwa dhaifu, kwani fedha za watalii na za mazao huingia zaidi nusu ya pili. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa imeshavuka shilingi 2,600 kufikia Juni, na mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya 2,500. Piga hesabu hiyo kwa bei ya gari nzima.

Na kuna mtego wa Julai. Mwaka wa fedha wa kwetu unaanza tarehe 1 Julai, na viwango vipya vya kodi navyo. Ushuru hautazami siku uliyotuma pesa Japani. Unatazama siku gari inapoingizwa forodhani. Safari ya meli huchukua mwezi hadi mwezi na nusu, kwa hiyo ya Machi inawahi. Ya mwisho wa Mei ni bahati nasibu.

3. Januari

Ada za shule. Anayeuza ana haraka ya kweli, ila gari ni chache.

4. Pemba, kabla karafuu hazijaiva

Kabla, si baada. Mwenye shamba anahitaji pesa za wachumaji, na mara nyengine kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, ndiyo inayotoka. Shirika la serikali linalonunua karafuu, ZSTC, likishaanza kulipa, Chake na Wete kila mtu anatafuta chombo, na wauzaji wanalijua hilo. Ukichelewa, nunua Unguja uivushe kwa meli mpaka Mkoani. Nauli yake mara nyingi ni ndogo kuliko nyongeza utakayobebeshwa kule. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, kwa hiyo uliza kwanza msimu ulivyo.

5. Mwisho kabisa: kuelekea skukuu

Angalia kalenda mbili pamoja, ya kawaida na ya Kiislamu. Idi ya kufungua Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka: 2023 ilikuwa Aprili, katikati ya masika, na nafuu yote niliyoisifu hapo juu ikamezwa, 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Ikikuangukia hivyo, vuta subira wiki mbili tu. Yule dalali aliyekuwa hana hata muda wa kukuwashia injini kumi la mwisho, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, atakupigia simu mwenyewe, na habari za mtu wa Fuoni hutozisikia.