Nyumba ya likizo shambani ukiwa na mbwa: pa kwanza hadi pa mwisho, kwa anayetoka Mombasa

Ukifuga mbwa Mombasa, likizo ina hesabu yake. Hoteli nyingi za ufukweni hazimtaki, matatu haimbebi, na jirani wa kumwachia wiki nzima si rahisi kumpata. Njia inayobaki ni kukodi nyumba nzima nje ya mji, yenye kiwanja, na kwenda naye. Nyumba hizo zipo nyingi kuanzia Kwale hadi Malindi, na nyingine juu Taita. Kazi ni kujua ipi itakupa usingizi na ipi itakuweka macho.

Maneno "mbwa wanaruhusiwa" kwenye tangazo usiyape uzito mkubwa. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba, ambaye huenda yuko Nairobi au Ulaya, hajakataa. Nyumba yenyewe iko mikononi mwa msimamizi, mpishi na mlinzi wa usiku, na mara nyingi hao hawajaulizwa chochote. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, omba namba ya msimamizi. Simu moja kwake inakwambia zaidi ya picha thelathini za Airbnb.

Muulize kwanza habari za ua. Matangazo hupiga picha bwawa la kuogelea, kitanda chenye chandarua na jua likizama, ua hauonyeshwi. Nyumba nyingi za Pwani zina ukuta wa mawe mbele, wa kupendeza kabisa, lakini ukizunguka nyuma unakuta makuti yaliyoegemezwa kwenye miti, au mchongoma uliotobolewa na kuku. Anapopita kuku, mbwa mdogo anapita. Mkubwa naye ataruka chochote kisichofika kifuani mwa mtu, akishamwona mbuzi. Omba picha ya geti likiwa limefungwa, simu ikiwa chini usawa wa goti, uone nafasi iliyobaki kati ya chuma na ardhi. Msimamizi anayejua kazi yake atakutumia picha hiyo dakika ileile. Na hilo la mbuzi usilichukulie mzaha: mbuzi wa jirani akishang'atwa bei yake hupanda hapohapo, na utaambiwa alikuwa na mimba ya mapacha.

Jambo la pili ni watu, na hapa wageni kutoka bara ndipo wanapokosana na wenyeji bila kujua sababu. Wapishi na wasimamizi wengi wa huku kwetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Haina maana kwamba anamchukia mbwa wako. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda amekubalika tangu zamani, na mlinzi wa usiku anaweza kumfurahia kuliko unavyodhani. Lakini sahani ya mbwa isitoke kabatini mwa nyumba, mbwa asiingie jikoni, na asilale kwenye mkeka ambao mtu anaswalia. Sema hivyo mapema, kwa adabu:

"Shikamoo mama. Nakuja na mbwa mmoja. Vyombo vyake nakuja navyo, na jikoni hataingia."

Akijibu, "Marahaba mwanangu, njoo tu, lakini asinisogelee," lipia nyumba hiyo. Amekueleza mpaka wake, na mpaka ulioelezwa unaweza kuuheshimu. Akinyamaza kisha akasema, "Aah, mimi sina neno, ni nyinyi tu," tafuta nyingine.

Halafu maji. Visima vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Wewe utaoga nayo ukalalamika kidogo, ila mbwa akiyanywa siku nzima ataharisha. Kama bomba la nyumba ni la chumvi, beba madumu ya maji matamu na uweke bakuli lake barazani penye kivuli.

Sasa mahali penyewe. Mpangilio huu ni wangu, na nimeupanga kwa kufikiria mbwa kwanza, mandhari baadaye.

1. Kilifi na Takaungu. Ni kama kilomita 60 kutoka kisiwani, na ukipita Mtwapa kabla magari hayajashikana utafika mapema. Nafasi ya kwanza nimeipa kwa sababu ya ardhi. Nyumba za huku, hasa zisizogusa ufuo, zimekaa kwenye ekari zake: mikorosho, mibuyu, mikonge kwa mbali, na njia za mchanga ambazo mbwa anaweza kutembea nusu saa asikutane na pikipiki. Maji ya ghuba ya Kilifi yametulia kuliko bahari ya wazi, kwa hiyo mbwa anayependa kuogelea anaogelea bila kupigana na mawimbi. Mimi ningechukua nyumba ya nyuma, iliyoko kilimani kidogo, badala ya ile iliyo ukingoni mwa maji. Ina upepo zaidi, na hakuna mtu anayekatiza kiwanja chako kwenda kuvua.

Kasoro yake ni nyoka. Ukanda huu una swila mkubwa atemaye mate, ambaye wanasayansi walimtambua kama aina ya pekee mwaka 2007 na kumpa jina la *Naja ashei*, kwa heshima ya mtaalamu wa nyoka James Ashe wa Watamu. Mbwa humpata nyoka kwa pua, kwa hiyo sumu humpata machoni. Ikitokea, dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, yamiminwe jichoni kwa muda mrefu, kisha daktari wa mifugo. Usimpake dawa ya macho ya binadamu wala kusubiri kesho. Unapoangalia picha za nyumba tafuta majani yaliyofyekwa na baraza isiyo na lundo la makuti makuukuu, mawe au kuni karibu yake. Lundo ni nyumba ya panya, na panya ndio wanaomwita nyoka.

2. Wundanyi, Taita. Kama mbwa wako ana manyoya mazito, kwa mfano German Shepherd, na una siku nne au zaidi, ipandishe hii iwe ya kwanza. Mji wa Wundanyi uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima hiyo vinavuka 2,000. Mbwa aliyeshinda kaskazi nzima amelala kwenye sakafu ya bafu akitafuta ubaridi, huku anaamka alfajiri na kudai kutoka. Wewe mwenyewe beba sweta.

Watu wa Taita wanafuga mbwa wa kulinda mahindi dhidi ya nyani na tumbili, kwa hiyo mgeni wako hatashangaza mtu. Mbwa wa wenyeji ndio watakaokuja kumsalimia, na salamu zao ni za meno kwanza. Mashamba yamekatwa matuta na nyumba nyingi hazina ua wa kuzunguka, basi huku ni kamba muda wote mkiwa nje.

Safari ni kama kilomita 200. Usimlishe asubuhi ya kuondoka, maana kona za kupanda kutoka Mwatate zitamtapisha. Na kati ya Maungu na Voi usisimame porini eti mbwa akojoe. Hapo uko kando ya Tsavo, tembo hukatiza barabara na simba nao wapo. Simama kituo cha mafuta. Jambo jingine: ukitafuta mtandaoni "Taita Hills" utaletewa hoteli za hifadhi ya wanyama, ambayo iko kule chini tambarare, si milimani. Huko mbwa haendi. Tafuta kwa jina la Wundanyi.

3. Tiwi. Ufuo mrefu, watu wachache, na nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa vilivyobaki kutoka enzi ambazo ardhi haikuwa ghali. Kwa mbwa wa kawaida wa mjini, Tiwi inatosha kabisa kwa Ijumaa hadi Jumapili. Feri ya Likoni na mbwa ndani ya gari, foleni ikiwa imesimama saa saba mchana, ni mateso. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike unaweza kushika Miritini ukatokea upande wa Kwale bila kugusa feri, na kwa mwenye mbwa mzunguko huo una faida.

Ufukweni jihadhari na bunju. Samaki huyu akishakufa husukumwa na maji hadi mchangani, amefura au amekauka, na kwa mbwa ananukia vizuri ajabu. Sumu yake hupooza mwili hadi pumzi, na haina dawa ya kuiondoa. Mfundishe mbwa neno la kuachia kitu mdomoni kabla hamjaenda, au mfunge kamba mnapopita mstari wa takataka za bahari. Siku za bamvua angalia pia saa za maji kujaa, kwa sababu pwani unayotembelea asubuhi inaweza kuwa imefunikwa yote mchana.

4. Diani. Wengi wangeiweka juu zaidi. Nyumba ni nyingi, nyingine nzuri mno, na maduka yako karibu. Tatizo ni kwamba juu ya paa kuna wenyeji wengine. Mbega, kima, tumbili na nyani wanaishi Diani kati ya nyumba na nyumba. Hata madaraja ya kamba yamefungwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa. Mbwa akimfukuza mbega aliyeshuka chini anaweza kumuua, na hilo halitakuacha na jina zuri pale. Akimfukuza nyani dume, kisa kinageuka: meno ya nyani dume yanapasua ngozi ya mbwa kama wembe. Nyumba ya Diani inayofaa mbwa ni ile yenye mapipa ya taka yanayofungika, jiko lenye wavu madirishani, na mtu wa kukaa na mbwa ndani asubuhi kundi linapopita.

Ufukweni kuna ngamia wa kupandisha watalii, na mbwa ambaye hajawahi kuona ngamia atabweka mpaka sauti imkauke. Pia nyumba nyingi ziko ndani ya mitaa yenye geti moja na kamati yake. Mwenye nyumba anaweza kukubali, kamati ikakataa. Ulizia pande zote mbili.

5. Watamu. Pazuri, ila ni kama kilomita 105, na mahali penyewe hapakukusudiwa mbwa kukimbia ovyo. Hifadhi ya bahari ya hapo ni ya tangu 1968, kasa hupanda mchangani kutaga, na mbwa hufukua mayai. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani usimpeleke pia. Kwa mbwa mzee anayelala barazani siku nzima, sawa.

6. Kandokando ya Shimba Hills. Hii ndiyo watu wa Mombasa huifikiria kwanza: karibu na mji, hewa nzuri, msitu unaonekana dirishani. Naiweka mwisho. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1968 na maarufu kwa palahala na tembo, hairuhusu mbwa, kwa hiyo mtatembelea maporomoko ya Sheldrick kwa zamu, mmoja akibaki nyumbani na mbwa. Msituni mna chui, na chui hula mbwa. Kubwa zaidi, kuna mbung'o. Nzi hao hueneza nagana, ugonjwa ambao wafugaji wa Kwale wanaujua kwa ng'ombe, na ambao humpata mbwa pia: homa, kukonda, fizi kuwa nyeupe, na jicho kuingia ukungu wa rangi ya maziwa, watu wakidhani amechomwa na mti. Ukienda na kurudi, na wiki chache baadaye ukaona dalili hizo, mwambie daktari wa mifugo kwamba mlikuwa Kwale. Usipomwambia ataanza kwa kushuku homa ya kupe.

Kupe wenyewe wako kila mahali kwenye orodha hii isipokuwa, kwa uchache wao, juu Taita. Dawa ipakwe au imezwe kabla ya safari, na kila jioni kagua masikio na katikati ya vidole. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na mwaka. Piga picha yake iwe kwenye simu, kwa sababu mbwa wako akimkwaruza mtoto wa jirani hicho ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa.

Kuhusu malipo, amana itumwe kwa M-Pesa baada ya ujumbe wa maandishi unaotaja mbwa ni wangapi, wakubwa kiasi gani, na watalala wapi. Ada ya kusafisha ya mara moja ni haki ya mwenye nyumba. Ada ya mbwa kwa kila usiku naiona ni uchuuzi, na Mei na Juni, wageni wanapopungua, wengi huifuta ukiomba. Desemba na Pasaka usijaribu. Ukiambiwa usiku mbwa afungwe nje kwenye mti, hapo pia rudisha simu mfukoni: mbwa aliyefungwa mahali pageni atabweka hadi alfajiri, na majirani watampigia msimamizi, si wewe.