Elki: karibu na barabara au ndani ya milima?

Kila Septemba swali hurudi: kwenye ardhi ya umma Colorado, Marekani, elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) awindwe kando ya barabara au kilomita nane ndani ya milima?

Kwa gharama, barabarani ni nafuu. Unalala garini, na ukikosa bonde moja unahamia jingine. Ndani unahitaji hema jepesi, chakula cha siku kadhaa na mapafu yaliyozoea mwinuko wa mita 3,000.

Kwa utulivu, ndani hakuna mfano. Kwenye mapori yaliyolindwa kisheria magari ni marufuku, hata baiskeli, na madume husikika wakipiga mluzi alfajiri. Lakini nimewahi kukuta kinyesi kibichi, kingali kinafuka mvuke, hatua chache kutoka maegesho, pale wote tulipopapita mbio.

Nyama ndiyo hesabu nzito. Dume huzidi kilo 300, na paja moja la nyuma lenye mfupa huweza kupita kilo 25. Ukiwa peke yako ni safari nne au tano mgongoni, na joto la Septemba halingoji. Kuacha nyama ioze ni dhambi kwangu.

Kuhusu adabu, barabarani ukikuta gari limetangulia, songa mbele. Ndani, usimkatie njia anayefuatilia kundi. Na ukionyeshwa mahali na mtu, usiwapeleke wengine bila idhini yake.

Mwenye wikendi moja abaki karibu. Mwenye wiki nzima na wenzake wawili wenye nguvu, aingie.