Samli au mafuta ya samaki: utumbo mpana wapendelea kipi?

Ubishi huu hauishi Mombasa: biriani ya nyama yenye samli, au samaki wa kupaka? (Tui nalo lina mafuta mazito, tusilisahau.)

Ukila mafuta mengi, nyongo nyingi zaidi humwagwa ili kuyasaga. Sehemu yake hufika utumbo mpana, ambako bakteria huigeuza kuwa asidi inayochubua ukuta. Seli zinazojeruhiwa na kujijenga upya kila mara ndizo zilizo hatarini kuharibika na kuzaa saratani. Vibua na jodari wana omega-3, mafuta yanayosaidia kutuliza uvimbe wa ndani. Hapa samaki ana nafuu, ingawa ushahidi kwa binadamu bado haujakaza. Nyama yenyewe ina kesi nyingine: mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kiliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kati ya visababishi vya saratani, na nyama nyekundu kati ya vinavyoelekea kuisababisha.

Kwa bei, kusi likichafua bahari samaki huadimika. Kwa kuhifadhi, samli hukaa kabatini miezi. Kibua, kwa joto letu, hangoji jioni.

Na samaki aliyezamishwa katika mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi, mimi simhesabu upande wa samaki.

Kama mzazi au ndugu yako aliugua saratani ya utumbo, egemea samaki, na umuulize daktari kuhusu kupimwa utumbo mapema. Kama samli ni kijiko cha biriani ya Ijumaa, na siku nyingine ni kunde na mchicha, sioni sababu ya kuitupa.